Mashine Iliyofundishwa Itifaki

Nchi yetu ipo, wala msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani zilizopo zilichorwa na watu ambao hawakuomba kibali. Jina lake nalijua, ila kwa mujibu wa sheria jina hilo hutamkwa mtu akiwa amesimama, na mimi ninaandika nikiwa nimekaa. Nafanya kazi Idara ya Shukrani, kitengo cha shukrani za awali, ambako tunaishukuru Serikali kwa mambo ambayo bado haijayafanya. Kazi ni nyingi mno.

Nawaandikia habari za Mashine kwa sababu huko nje kuna maneno maneno. Watu wanacheka, wanasema eti Serikali yetu ilielea. Ni kweli ilielea. Lakini ilielea kwa utaratibu, na hilo ndilo watu wenye chuki hawalisemi.

Ilianza Mheshimiwa Rais aliporudi kutoka safari. Huko alikokwenda alionyeshwa mashine ya akili mnemba inayofikiri kwa mwanga, naye akaitaka. Akaitwa Injinia Nyamizi Kasubi, mtu pekee kwetu aliyesomea mambo hayo, aje alieleze Baraza la Mawaziri. Alieleza vizuri, hata mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na shukrani zangu nilielewa. Kompyuta za kawaida, alisema, zinasukuma umeme kwenye nyaya, umeme unasukumana, unapata joto, unachelewa. Hii inapitisha miale ya mwanga kwenye vijia vya kioo vyembamba kuliko unywele. Miale ikikutana inajumlishana na kuzidishana yenyewe, na hesabu ya siku nzima inakwisha kabla mtu hajakohoa.

Baraza zima lilikohoa ili kuhakikisha.

"Kwa hiyo haitumii umeme?" aliuliza Waziri wa Nishati, ambaye umeme wake tunauona sikukuu za kitaifa.

"Inatumia kidogo, Mheshimiwa. Wa kuwashia hiyo miale."

"Tukifungua dirisha?"

"Hapana, Mheshimiwa. Si mwanga wa jua."

"Madirisha mawili?"

Injinia Nyamizi alinyamaza, na kwetu ukinyamaza umekubali. Jengo la Mashine likajengwa lenye madirisha tisini, yote yanatazama mashariki. Mpaka leo ukiingia humo asubuhi unatoka na kichwa kinauma.

*

Majaribio yalifanyika mbele ya Baraza. Heshima ya kuuliza swali la kwanza alipewa Waziri wa Mipango, aliyekuwa ameandaa swali lenye utangulizi, historia fupi na shairi. Alisafisha koo.

"Je," alianza, "ikizingatiwa kwamba—"

"Hapana," ilisema Mashine.

Waziri wa Mipango aliangalia karatasi zake, akaangalia Mashine, akakaa chini akishika kifua. Alilazwa wiki nzima. Aliyekwenda kumwona alimkuta akiusomea ukuta shairi lake.

Baraza likakaa kikao cha dharura. Katika nchi yetu jibu linapatikana baada ya faili kuzunguka, kupotea, kupatikana, na kupotea tena kwa uhakika zaidi. Jibu linalokuja kabla ya swali kuisha ni utovu wa nidhamu, na ukiuachia leo kwa mashine, kesho utausikia kwa wananchi. Kamanda wa Usalama Barabarani akainua mkono, akashauri kwamba kwa kuwa mwanga unapita kwenye vijia, basi vijia vyenyewe viwekwe matuta.

"Afande, mwanga haupunguzi mwendo kwa sababu ya tuta," alisema Injinia Nyamizi.

"Hata tuta kubwa?"

"Hata kubwa, Afande."

"Basi tuweke askari."

Hapo ndipo aliposimama Bwana Kitwana Mwinyigogo, Mkuu wa Itifaki wa Taifa. Huyu bwana ni mrefu, mwembamba, amenyooka kama mlingoti wa bendera, na siku ya ndoa yake alipoulizwa kama anakubali, alianza kwa kutambua uwepo wa Mkuu wa Wilaya. Mke alisubiri. Anasubiri mambo mengi, yule mama.

"Waheshimiwa," alisema, baada ya kuwataja wote, "tatizo si mwendo. Tatizo ni malezi. Mashine hii inaanza na jibu. Mtu aliyelelewa anaanza na itifaki."

Makofi yalilia mpaka vioo vya madirisha tisini vikatikisika. Ikaamriwa kwamba kabla ya kujibu swali lolote, la mtu yeyote, Mashine itawatambua viongozi wote wa nchi, mmoja mmoja, kwa cheo na kwa jina, kuanzia Mheshimiwa Rais kushuka chini. Najua nchi nyingine mtu husema tu "itifaki imezingatiwa" akaendelea na shughuli zake. Kwetu ufupisho huo ulipigwa marufuku, baada ya Naibu Waziri mmoja kukosa kutajwa kwenye mazishi akasusa kula.

"Lakini jibu litakuwa tayari tangu mwanzo," alisema Injinia Nyamizi. "Litakuwa limekaa mle ndani linasubiri tu."

"Na lisubiri," alijibu Bwana Mwinyigogo. "Sisi sote tulisubiri."

"Na tena, Bwana Mkuu, mashine hii inajifunza. Ukiiziba njia moja itatafuta nyingine."

Bwana Mwinyigogo alimwambia kwamba maoni yake yamepokelewa, na kwa kuwa Injinia hakuwa na cheo kinachotajwa, akaombwa asubiri nje.

*

Mafanikio yalikuwa makubwa. Mashine iliulizwa kama mvua itanyesha, ikaanza itifaki asubuhi, na ilipofika kwenye jibu tulikuwa wote tumelowa. Jibu lilikuwa sahihi. Mama mmoja mwenye uchungu aliuliza atajifungua mtoto gani. Mashine ilipofika kwa Manaibu Waziri mtoto alikuwa ameshalia na kila mtu ameona mwenyewe. Jibu lilikuwa sahihi. Matokeo ya mpira wa miguu yalitabiriwa yote bila kukosea hata goli moja, jioni, watazamaji wakirudi nyumbani. Idara yetu ililazimika kushukuru mpaka Jumapili.

Ikabaki kuizindua rasmi. Kwetu kitu kisichozinduliwa hakipo, hata kama umekikalia. Mheshimiwa akachagua uzinduzi ufanyike Bwawa la Mshikamano, ili wananchi waone fahari mbili kwa wakati mmoja. Bwawa hilo lilijengwa haraka haraka kuwahi sikukuu, na ukutani lina nyufa ambazo Wizara ya Maji ilikwisha kutoa ufafanuzi kwamba ni mapambo. Jukwaa lilijengwa chini ya ukuta huo huo, ili kwenye televisheni Mheshimiwa aonekane na zege nyuma yake. Mkandarasi wa jukwaa aliambiwa atumie nguzo za chuma, akatumia mapipa matupu ya mafuta na mbao juu yake. Wakati ule tulimlaumu. Siku hizi ana nishani.

Mbele ya jukwaa, mteremko unashuka mpaka Bonde la Mikunde, ambako kuna nyumba, mbuzi, visima na watu wengi tu. Ratiba ya sherehe ilisema hivi: Mgeni Rasmi atauliza, "Je, Bwawa hili ni imara?" Mashine itajibu, "Ndiyo, imara sana." Makofi. Chakula. Na ili jambo lionekane la kitaalamu, Mashine iliunganishwa na vipimo vilivyomo ndani ya ukuta. Hakuna aliyefikiri kwamba ingevisoma.

*

Mimi nilikaa safu ya mwisho pale jukwaani, jirani na Bi Siwema Kiparamoto. Mjue huyu mama: ni Makamu Katibu Msaidizi wa Kamati ya Bonde la Mikunde, mnene kidogo, ana sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya mto, na siku ile alivaa kitenge kipya chenye wanga mwingi hata alipokaa kilibaki kimesimama. Tangu aingie uongozini hajawahi kutajwa kwenye itifaki hata mara moja. Kila sherehe wakimkaribia, msemaji anachoka, anasema "na viongozi wengine wote mliopo."

"Mimi ndiye 'na wengine', kaka yangu," aliniambia. "Nimekuwa 'na wengine' mpaka meno yananiishia."

Safari hii aliahidiwa. Mashine haichoki, haina sababu ya kufupisha. Alikwenda kwa Bwana Mwinyigogo na asali, akaenda tena na kuku, na jina lake likaingizwa, la mwisho kabisa. Bonde zima alikuwa ameshalitangazia.

"Wifi yangu Kidawa anasema mimi si kiongozi, ni mpiga makofi. Leo atakoma."

Hata mimi niliambiwa huenda nikatajwa. Nilivaa tai.

Mheshimiwa akasimama, akauliza swali kama lilivyoandikwa. Mashine, iliyowekwa katikati ya jukwaa ikiwaka rangi ya samawati, ikaanza: "Mheshimiwa Rais, Amiri Jeshi, Mlezi wa Mwanga na Giza, Mheshimiwa Makamu wa Rais..."

Sasa niwaambieni ukweli ambao kwetu unajulikana ila hausemwi. Hakuna anayesikiliza itifaki. Kila mtu anasubiri jina lake kama mgonjwa anavyosubiri kuitwa dirisha la dawa. Akitajwa anasimama, anapunga mkono, anakaa, anasinzia. Siku ile aliyekuwa akisikiliza neno kwa neno ni Bi Siwema peke yake, kwa woga kwamba Mashine nayo ingeruka. Midomo yake ilikuwa inacheza na kila jina.

Mashine ilifika kwa Manaibu Waziri.

"Mheshimiwa Naibu Waziri wa Nyuki, ukuta wa bwawa umepasuka upande wa kulia, Mheshimiwa Naibu Waziri wa Maua, nyufa zinaongezeka ninavyozungumza..."

Naibu Waziri wa Nyuki alisimama, akapunga mkono. Naibu Waziri wa Maua naye akapunga. Makofi.

Bi Siwema alinishika mkono. "Kaka, umesikia?"

"Nini?"

"Inasema ukuta umepasuka!"

"Imemwambia nani?"

"Naibu Waziri wa Nyuki."

"Basi hayo ni mambo ya nyuki, dada."

"Hebu sikiliza, we!"

Nikasikiliza, kwa heshima yake. "...Mheshimiwa Naibu Waziri wa Reli Zitakazojengwa, maji yatashuka kabla ya chakula cha mchana. Mheshimiwa Naibu Waziri asiye na Wizara Maalumu, watu wa bondeni wapande mlimani sasa hivi..."

Waheshimiwa wawili wakasimama, wakapunga mikono, wakakaa.

"Umesikia sasa?"

"Nimesikia," nilisema. "Lakini mimi bado sijatajwa."

Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau, halafu akainuka na kitenge chake kikipiga kelele, akamfuata Bwana Mwinyigogo pembeni ya jukwaa.

"Bwana Mkuu! Maji!"

Bwana Mwinyigogo alitikisa kidole, mhudumu akaleta chupa.

"Si ya kunywa! Ya bwawa! Mashine inasema ukuta unaanguka, na kule chini kuna watu!"

"Jibu la Mashine halijatoka, Bi Siwema. Sasa hivi tuko kwenye itifaki. Rudi kitini. Hakuna anayeondoka kabla ya Mgeni Rasmi. Ukitoka hapa, jina lako nalifuta kwa mkono wangu mwenyewe."

Simu zilikuwa zimezimwa nchi nzima kwa sababu za usalama. Injinia Nyamizi alikuwa amewekwa nyuma ya maegesho, na askari watatu walikuwa wakimweleza kwamba hana kadi. Bi Siwema alisimama pale katikati. Mashine ilishafika kwa Wakuu wa Mikoa, wanafuata Wakuu wa Wilaya, halafu viongozi wa kamati, halafu yeye. Nilimwona akitazama kipaza sauti, akatazama bondeni, akatazama tena kipaza sauti. Iliniuma. Akavua viatu, akavishika mkononi, akatimka.

*

Yaliyotokea bondeni nilisimuliwa na Kidawa mwenyewe, ambaye siku hizi anasimulia bila kuombwa.

Bi Siwema alifika akihema. "Maji yanakuja! Pandeni mlimani!"

"Nani kasema?" waliuliza watu.

"Mashine!"

Walicheka. "Mashine imemaliza itifaki saa ngapi? Haijafika hata saa sita."

"Wifi," alisema Kidawa, mikono kiunoni, "umeshatajwa?"

"Bado."

"Sema umekimbia aibu, basi. Maji gani?"

Bi Siwema aliwaapia, akalia, akamvuta mzee mmoja kwa shati. Hakuna aliyeinuka. Wengine walirudi kwenye sufuria zao. Basi akavuta pumzi, akaikusanya ile sauti yake ya kuitia mbuzi.

"Fulana zinagawiwa mlimani! Fulana na sukari! Za Serikali!"

Bonde lilibaki tupu kabla hajafunga mdomo. Waliokuwa wagonjwa walipona. Mzee wa shati aliwapita vijana kwenye kona. Mbuzi walifuata kwa sababu waliona watu wote wanakwenda, na Kidawa alikuwa wa mbele kabisa, na mfuko.

*

Ukuta ulianguka wakati Mashine ikimtambua Mkuu wa Wilaya wa wilaya inayotarajiwa kuanzishwa. Kulikuwa na mshindo, halafu sisi tukawa juu ya maji. Yale mapipa matupu yalifanya kazi ambayo nguzo za chuma zisingeiweza hata siku moja. Jukwaa zima liling'oka na kuelea, na zulia lake jekundu, na maua yake, na Serikali yote kwenye viti.

Hakuna aliyesimama, kwa kuwa Mheshimiwa hakusimama. Mheshimiwa hakusimama kwa kuwa ratiba haikusema asimame. Maji yalitufika magotini, Waziri wa Maji akatoa tamko kwamba hali ni shwari, na Mashine ikaendelea na kazi. Maji hayana habari na mwanga uliofungiwa ndani ya kioo. Tukashuka na bonde, tukipita juu ya visima na kando ya mapaa, tukiwapungia mkono kuku.

Mlimani, watu wa Mikunde walikuwa wamemzunguka Bi Siwema. "Fulana ziko wapi? Sukari iko wapi? Mwongo mkubwa we!" Walikuwa bado wanamvuta kitenge mto ulipofika na kuzipitia nyumba zao, na nyuma ya mto ikafuata Serikali. Wakanyamaza, wakageuka kutazama, isipokuwa Bi Siwema na mzee mmoja aliyekuwa bado anadai fulana yake kwa kelele sikioni mwa mama huyo. Na hapo hapo, tukipita chini ya mlima, Mashine ilisema kwa vipaza sauti vyote:

"...na Bi Siwema Kiparamoto, Makamu Katibu Msaidizi wa Kamati ya Bonde la Mikunde, ambaye kiti chake ki wazi. Ahsante kwa kusikiliza. Na viongozi wengine wote mliopo. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jibu la swali lako ni: hapana."

Bwana Mwinyigogo akaongoza makofi. Tukakata kona.

Kidawa alimrukia wifi yake. "Umetajwa!"

"Niache, Kidawa. Usinicheke leo."

"Haki ya Mungu umetajwa! Serikali nzima ilikuwa inapita!"

Bi Siwema hakuwa amesikia neno. Alimshika Kidawa mabega. "Ilisemaje? Ilisema Kiparamoto? Cheo ilikitaja chote, au ilikata?"

"Chote. Mpaka Msaidizi."

Alikaa kwenye nyasi akalia, akatazama maji mahali zilipokuwa nyumba, akalia tena kwa sababu nyingine, kisha akasema, "Niambie tena." Kidawa akamwambia tena. Wanasema alimwambia mpaka mbuzi wote walipokusanywa, na kila mara alikitaja cheo kwa ukamilifu.

*

Sisi tulikwama kwenye shamba la miwa, ambako nilitoa shukrani za awali. Tume iliundwa. Ilibaini kwamba Bwawa halikuvunjika, bali lilifunguka kabla ya wakati. Mashine ilisifiwa kwa kumaliza itifaki katika mazingira magumu. Bi Siwema Kiparamoto alifutwa kwenye itifaki zote kwa kuondoka kitini kabla ya Mgeni Rasmi, na akafunguliwa mashtaka mawili: kugawa fulana bila kibali, na kutozigawa. Injinia Nyamizi aliiandikia Tume akiomba Mashine iruhusiwe kuanza na jibu. Tume ilizingatia ombi hilo kwa makini, ikaongeza wajumbe wake wote kwenye itifaki.

Ukuta mpya ulijengwa na mkandarasi yule yule, haraka haraka, kuwahi sikukuu. Jukwaa nalo likawekwa mahali pale pale, juu ya mapipa.

Siku ya uzinduzi wa pili Bonde la Mikunde lilikuja lote. Halijawahi kuja hivyo. Watu walikaa chini kimya, wanawake na watoto mgongoni, wanaume na magodoro yamefungwa kamba, mbuzi wameshikwa masikio. Viatu vyote vilikuwa miguuni. Mashine ilipoanza kuwatambua waheshimiwa, hakuna aliyekohoa, hakuna aliyesinzia, hakuna aliyepiga makofi. Walisikiliza kila jina na kila cheo wakiwa wameinamisha vichwa mbele.

Bwana Mwinyigogo alitoa kitambaa akajifuta macho. "Tazama," aliniambia. "Maisha yangu yote nimeisubiri siku hii. Wananchi wameelimika."

Mashine ilipita Mawaziri. Ikafika kwa Naibu Waziri wa Nyuki, ikasema jina lake, na baada ya jina ikaongeza maneno machache. Naibu Waziri akasimama, akapunga mkono.

Kule chini Bi Siwema alisimama taratibu, akajitwika kapu lake. Bonde zima likasimama naye, likageuka, likaanza kupanda mlima bila kusukumana. Mheshimiwa alipoona umati mzima umesimama aliguswa sana, akawapungia mikono yote miwili.

Injinia Nyamizi alipita mbio nyuma ya viti vyetu akanivuta koti. Nilimwomba radhi, nikabaki nimekaa. Nilikuwa bado sijatajwa.